Maji ya Kumwosha Fakihi

Sogeeni, wanangu, maana sauti iliyobaki ni ndogo na sitaki kesho mtu aseme hakusikia. Mama Cecil, niegemeze ukutani kidogo. Hapo hapo, inatosha. Cecil, njoo ukae mbele yangu nikuone uso. Sabina, wewe na mdogo wako Dastani kaeni mkekani. Padre Basil yupo, mdogo wangu Barnaba yupo, na dada yangu Veridiana, ambaye kwa mila yetu watoto wake wana haki ya kuniuliza mimi mjomba wao nawaachia nini, naye yupo. Basi asije mtu akasema mzee alinong'onezwa chumbani na mtu mmoja. Mwili umechoka, lakini akili ninazo, na haya ni maneno yangu mimi Bartholomayo.

Ya mali tuyamalize kwanza, kwa kuwa si mengi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka Mungu amwite, na asiondolewe na mtoto wala na mpwa. Mikorosho ya hapa nyumbani mgawane ninyi watatu, na watoto wa Veridiana wapewe kipande cha bondeni cha kulima mpunga, tumeshaelewana naye. Barnaba, ule mkorosho wa mpakani uliotufanya tupitane njiani miaka mingapi sijui bila salamu, ni wako. Uchukue. Tulikuwa wajinga wawili, na mkubwa wa wajinga nilikuwa mimi.

Lakini shamba la njia ya Chidya, lile ambalo magari ya wanunuzi hufika mpaka ukingoni, halimo katika mgawo wenu. Hilo ni la Shakila, mjukuu wa Bibi Somoe wa Mnyambe.

Kaa, Cecil. Usinyanyuke, mwanangu. Bado sijafika.

Najua mnamwita bibi wa Mnyambe, na najua mnadhani ni mama tu wa askari mwenzangu aliyekufa, ambaye tangu mkiwa wadogo huja msimu wa korosho na kiroba cha mihogo mikavu kichwani. Nami sikuwaeleza zaidi ya hapo. Ijumaa iliyopita alipanda lori la wanunuzi kutoka Newala, likamteremsha mteremko ule wote, yeye na miguu yake mibovu, akaja akaketi hapo alipoketi mama yenu sasa, akaukunjua ushungi wake, akainua viganja vyake aniombee dua. Cecil ukaingia. Ukasema, nami nasikia, “Bibi, nyumba hii ni ya Kristo. Dua zako kazisomee kwenu.” Yule mama alishusha viganja, akanifunika shuka vizuri miguuni, akaokota fimbo yake, akatoka. Mimi nilitaka kupiga kelele, na koo likatoa hewa tupu.

Wanangu, tangu nimeugua nimeoshwa kama mtoto, nimegeuzwa, nimevuliwa nguo mbele ya binti yangu, na yote hayo nimeyazoea. Lakini aibu ya Ijumaa sijaizoea. Kwa hiyo nisikilizeni niwaambie yule mama ni nani katika nyumba hii, kisha mtajua wenyewe la kufanya.

Mwaka ule wa themanini na saba, nikiwa sajenti, kikosi chetu kilipelekwa Msumbiji, katika jimbo la Zambezia, kuwasaidia wenzetu dhidi ya waasi waliokuwa wakichoma vijiji na kuteka watu. Siku ya kuondoka tulijipanga mistari, padre akasimama huku na shehe akasimama kule, kila mmoja akatuombea ushindi na kurudi salama, nasi tukaitikia wote kwa wote, Amina za Wakristo na za Waislamu zikachanganyika juu ya kofia zetu. Ilikuwa sauti nzuri. Mimi mtoto wa mwalimu wa kanisa nilitokwa na machozi, nikasema moyoni, Mungu aliyeombwa hivi atakataaje. Sikujiuliza waliokuwa upande wa pili waliombewa na nani. Nilikuja kujua baadaye, nilipomgeuza mmoja wao aliyekufa nikakuta rozari shingoni, shanga zimesuguliwa na vidole mpaka zimeng'aa. Niliirudisha ndani ya shati lake. Wenzangu waliniuliza nimeona nini, nikawaambia si kitu.

Fakihi Nantende alikuwa koplo wangu. Mmakonde wa Mnyambe, mwembamba, mcheshi, mtu wa kuimba akitembea. Wengine waliniita afande. Yeye tukiwa peke yetu aliniita kaka, kwa kuwa tulitoka upande mmoja wa nchi na wote tulijua ladha ya mabibo. Aliacha mke na binti mdogo, huyo Shakila. Alikuwa na kipande cha turubai alichokitandika popote pa kusali. Mara ya kwanza nilimuuliza kibla anakijuaje katika pori lisilo na msikiti. Akacheka, akasema, “Rahisi, kaka. Huku kibla kiko kaskazini, na nyumbani kuko kaskazini. Nikiwakumbuka watu wangu nageuka, na hapo hapo nimeshaelekea.” Nilimlindia mgongo akisali, naye alinilindia mimi Jumapili nilipokuwa nasoma kitabu changu cha sala. Hatukujadili dini ya nani ya kweli. Mtu aliyekulindia mgongo huna mjadala naye.

Watu wa kule ni Walomwe. Lugha yao na Kimakua chetu ni kama ndugu wa baba mmoja. Mkizungumza polepole mnaelewana. Mungu nao humwita Muluku, kama bibi yangu alivyomwita hapa hapa Lupaso. Kwa hiyo kila tulipofika kijijini niliitwa mimi kuzungumza na watu.

Siku ile tulikuwa tunasindikiza magari ya chakula. Barabara ilipita katikati ya mikorosho iliyoachwa bila kupaliliwa, majani yamefika kifuani. Magari ya mbele yalikwisha kupita, na ndiyo yaliyobeba Waislamu wengine wote wa kundi letu. Waasi wakatumiminia risasi sisi wa nyuma. Tukajitupa chini. Fakihi alikuwa ubavuni mwangu, karibu hivi, kama ulivyo wewe Cecil. Wanangu, husemwa vita havina macho, na ni kweli, mimi nilifumba yangu. Nikasali. Nilikuwa nimefundishwa sala nyingi nzuri na baba yangu, lakini haikuja hata moja. Iliyokuja ilikuwa hii: Muluku, isiwe mimi. Iwe mtu mwingine, yeyote, isiwe mimi.

Nilipofumbua macho, Fakihi alikuwa amepigwa hapa, chini ya shingo.

Hakufa papo hapo. Aliomba maji, nikampa yaliyokuwamo kwenye chupa yangu mpaka yakaisha, na mengi yalimtoka pembeni mwa mdomo. Alitaka kusema shahada yake. Nilijua ndiyo anayotafuta kwa jinsi midomo ilivyokwenda. Sikujua kumsaidia. Nimekua na Waislamu, nimekula sikukuu zao, nimebeba majeneza yao, na neno lile moja ambalo mtu humtamkia mwenzake masikioni sikulijua lote. Nilimshika tu mkono mpaka ukalegea.

Waasi walikimbia. Tulipowapata wakubwa kwenye simu ya upepo tukaambiwa tumzike hapo, tusibebe mzigo, tuyafuate magari kabla jua halijashuka. Tuliobaki tulikuwa Wakristo watupu na kijana mmoja asiye na dini. Wakaanza kuchimba. Mimi nikasema ngojeni, huyu ni Mwislamu, hazikwi na damu na vumbi la barabara hivi, lazima aoshwe. Wakaniuliza, “Kwa maji gani, afande?” Nikaitikisa chupa yangu, ilikuwa tupu.

Ndipo wakatokea watu kutoka porini. Walikuwa wenyeji waliokimbia kijiji chao na kujificha. Mzee wao akaniuliza kwa Kilomwe, “Huyu ni nani kwako?” Nikamwambia ni ndugu yangu. Nikawaeleza shida yangu. Nyuma yake alisimama mwanamke amejitwika mtungi, na ubavuni watoto wake, midomo imepasuka kwa kiu. Maji yale waliyafuata mbali, usiku, kwa kuwakwepa waasi. Yule mama aliutua mtungi pale miguuni pangu. Watoto wakaufuata kwa macho. Nikamwambia, “Mama, haya ni ya kunywa wanao.” Akasema, “Wao wako hai, watangoja. Huyu hangoji.” Akafungua kapulana yake ya juu, ndiyo khanga yao, akaitupa begani pangu iwe sanda, kisha akawageuza watoto wasitazame.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wahenga walisema. Nilimwosha Fakihi kwa mikono yangu, na aibu niliyoijua siku ile haikuwa yake. Kila nilipomwagia maji niliona vile vitoto vilivyonipa mgongo, na nikaisikia ile sala yangu. Nilimlaza ubavu wa kulia, uso kaskazini kama alivyonionyesha. Kisha wote wakaniangalia mimi, niseme neno. Nikasema Baba Yetu kwa Kimakua, kwa sababu sikuwa na kingine, na wale Walomwe wakaitikia kwa lugha yao. Tukafukia, tukaondoka. Baadaye nilisikia watu wa eneo lile walifuatwa na waasi kwa sababu walionekana nasi. Sikupata kujua yule mama alipona au la. Mpaka leo sijui.

Niliporudi nyumbani, kabla sijaja hapa Lupaso kuwaona ninyi, nilipanda Newala nikaenda Mnyambe. Jeshi lilikuwa limeshapeleka taarifa, lakini taarifa ya jeshi haina macho ya kutazamwa. Nilimkuta Bibi Somoe amekaa barazani na wazee wa msikiti. Nikamwamkia, “Shikamoo mama.” Akasema, “Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyekuwa naye?” Nikasema ni mimi. Nilijiandaa kuulizwa nani alimwua, tulilipiza vipi, alikufa kishujaa au la. Hakuuliza hata moja.

Aliuliza, “Nani alimwosha?”

“Mimi, mama.”

“Kwa maji gani?”

Nikamweleza habari ya yule mwanamke na mtungi wake. Ninyi mmezaliwa bondeni, hamjui maji ni nini juu ya uwanda ule, ambako mabomba yakikauka wanawake hushuka mlima na ndoo tupu, hupanda na ndoo iliyojaa, na siku imekwisha. Yule mama alijua. Aliniacha nikamaliza, akaingia ndani, akatoka na ndoo nzima, akaiweka mbele yangu. “Kaoge, mwanangu, umetoka safari.” Nikamwambia, “Mama, haya si ni ya kunywa?” Akanitazama, akasema, “Na yale yalikuwa ya nini?”

Nilipotoka kuoga akaniuliza nilimsomea nini mwanawe. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, “Baba Yetu, mama. Sikujua nyingine.” Wazee wakatazamana, na mmoja akasema kwa upole kabisa, “Hiyo haikuwa yake.” Bibi Somoe akamjibu, “Angemwacha aende kimya kama mbuzi, hapo ningemlaumu.” Kisha shehe akawasimamisha watu, wakamsalia Fakihi sala ya maiti aliye mbali, nami nikasimama nyuma yao, mikono sijui niiweke wapi.

Kuanzia siku ile akanifanya mwanawe. Nami nikapokea umama wake kama mtu aliyevaa koti lisilo lake, kwa sababu ile sala sikumwambia. Hapa kanisani padre wa kabla yako, Padre Basil, alinisimamisha mbele ya altare nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyoniokoa vitani. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikashindwa, nikarudi kukaa. Watu walidhani ni uchungu. Ningemshukuruje Mungu mbele ya watu kwa kuniitikia sala ile? Kuna sala, wanangu, ambazo mtu huona haya kwamba zilijibiwa. Na kama hazikujibiwa, kama ilikuwa risasi tu na upepo, basi yote tuliyoitikia siku ya kuondoka yalikuwa nini? Nimelizunguka swali hilo miaka yote hii, na sijaupata mlango wake.

Msimu mmoja Bibi Somoe alipokuja kunisaidia kuokota korosho kule shamba la njia ya Chidya, nilimwambia. Tulikuwa tumeinama wote wawili. Nikasema, “Mama, wakati ule niliomba isiwe mimi, iwe mwingine.” Hakuinuka. Aliinyonyoa korosho kwenye bibo lake, akaitia kapuni, akasema, “Na mimi niliomba hivyo hivyo, Baba Cecil. Kila alfajiri. Ya Rabi, ikija iende kwa mtoto wa mwenzangu. Na marehemu mama yako, unadhani aliomba nini? Na mama za wale waliowapiga?” Kisha akasema, “Sote tulimtuma Mungu kwa mtoto wa mtu. Sasa nimnunie nani?” Akaendelea kuokota.

Hayakuniondolea aibu maneno yale. Lakini sikuibeba tena peke yangu.

Cecil. Nipe... maji kidogo, Sabina. Nilowanishe midomo tu.

Cecil, mwanangu wa kwanza. Sikukuita mbele ya watu nikuvue nguo. Najua mmekua katika siku nyingine. Zamani korosho ilinunuliwa na mnunuzi mmoja na redio ilisema neno moja. Sasa soko limefunguliwa, kila mtu ana mzani wake, na maneno nayo yamefunguliwa. Masasi sokoni kuna kaseti za huyu anayeitukana Biblia na kaseti za yule anayeitukana Kurani, watu wanakusanyika wanapiga makofi kama mpirani. Na wewe kikundi chenu cha maombi kimekupa moto, na moto si mbaya, baba yangu alikuwa nao. Lakini mimi nimeona mahali ambapo watu walianza kwa kusema huyu si wetu, na nimeona walipomalizia. Usinililie, sikiliza. Uliposema nyumba hii ni ya Kristo, ulisema kweli. Ndiyo maana nikaona haya. Nyumba ya Kristo imemtoa nje mama aliyeninawisha damu ya mwanawe kwa maji yake ya kunywa.

Sasa nikuambie jambo. Unadhani sijui nani yuko jikoni tangu asubuhi? Nimekisikia kikohozi chake. Sabina alimfuata mpaka Mnyambe, na alifanya hivyo bila kutumwa na mtu, Mungu ambariki. Amekuja na Shakila, lakini amekataa kuvuka kizingiti. Amesema, “Mwenye nyumba wa kesho alinitoa, akinikaribisha yeye nitaingia.” Yule mama ana adabu kuliko sisi wote. Basi nenda, Cecil. Usitume mtu. Nenda kwa miguu yako. Mpishe njia, Barnaba.

Nyamazeni. Nataka kusikia.

...Mmesikia? “Shikamoo bibi.” Amemwamkia. Na yeye... “Marahaba, mjukuu wangu.” Ameitika. Alikuwa na haki ya kunyamaza, na ameitika. Lia, Cecil, sasa lia tu. Msaidie kizingiti kile, kiko juu.

Karibu, mama. Shikamoo. Samahani, siwezi kuinuka. Kaa hapa, karibu na kichwa changu. Shakila, mwanangu, kaa na wenzako, hao ni kaka zako na dada yako, na lile shamba mtaonyeshwa mipaka yake na Cecil mwenyewe, mbele ya Barnaba. Umesikia, Cecil? Wewe ndiye utakayemwonyesha, na wewe ndiye utakayemsaidia kupata mnunuzi asiyemwibia kwenye mzani.

Niache nimalize, pumzi inanikimbia. Nikifa, nizikeni kanisani kama baba yangu, bila risasi za heshima. Wakija watu wa jeshi na bunduki zao, waambieni mzee alikataa. Padre Basil, siku ya kuwaombea wafu, ukitaja jina langu, taja na la Fakihi Nantende wa Mnyambe. Kama kanuni inakukataza, basi langu nalo usilitaje. Na yule mwanamke wa Zambezia sikumwuliza jina. Sikumwuliza, wanangu. Mwombeeni hivyo hivyo bila jina.

Mama Cecil, umenivumilia. Usiku ule niliokuwa napiga kelele usingizini ulinifunika, hukuniuliza. Asante.

Dastani, usiache shule. Sabina... wewe nakuachia hawa.

Njooni niwashike. Mikono imekuwa mizito, ileteni yenu. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto watakaowazika. Asiwapeleke vitani, na kama atawapeleka, awape mtu wa kuwalindia mgongo, wala msimuulize anasali wapi. Awape... awape haya, wanangu. Mtu asiye na haya ndiye wa kuogopwa. Nawabariki wote. Na wewe Cecil, nakubariki wewe kwanza.

Nimechoka.

Mama, ile dua yako ya Ijumaa haikuisha. Isome. Padre, nawe soma ya kwako, polepole, msikatizane. Kila mtu kwa maneno yake. Mimi nasikiliza... nitaitikia zote. Nikishindwa, niitikieni ninyi.